Nia, Saa na Kiasi: Somo la Kuweka Malengo na Kuyafuata Hadi Mwisho



Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka wa masomo unapoanza, na kila Ramadhani inapokwisha, tunayasikia maneno yaleyale: mwaka huu nitasoma kwa bidii, mwaka huu nitahifadhi Qur'ani, mwaka huu nitamaliza kazi yangu ya mwisho kwa wakati. Anayeyasema mara nyingi anayasema kwa moyo safi. Lakini muulize ataanza siku gani, mahali gani na kwa kiasi gani, utaona anababaika.

Somo hili nililiandaa kwa ajili ya darsa ninayoiongoza wakati wa likizo hapa Muhuta, pale milima inapoteremka karibu kabisa na Ziwa Tanganyika na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ikapita katikati. Wengi katika darsa ni watoto wa wavuvi, wa akina mama wauza ndagala na wa wakulima wa michikichi. Kwao kurudia mwaka si aibu tu. Ni karo ya pili ambayo nyumbani haipo, na pengine ni mdogo wako kukaa nyumbani ili wewe urudi chuo.

1. Tujue tofauti ya matamanio na azma

Kutamani ni kupenda jambo litokee. Kuazimia ni kukata shauri kwamba utalifanya, ukaanza kujiandaa. Katika Sura Aal Imran, aya ya 159, Mtume (s.a.w.) anaamrishwa ashauriane na wenzake, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Tazama mpangilio huo: shauri, azma, halafu tawakkul. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunasema "inshaallah" kwa jambo ambalo hatukumshauri mtu, wala hatukulikatia shauri. Sura al-Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Mafundisho hayo anapewa mtu aliyekusudia kweli kufanya, si mtu anayetafuta njia ya adabu ya kukataa.

2. Lengo lipewe saa na mahali

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Ujerumani, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, walichapisha jaribio dogo walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliombwa waandike taarifa fupi kuhusu walivyotumia mkesha wa Krismasi, na waipeleke ndani ya siku mbili. Nusu yao waliambiwa pia waandike mapema ni saa ngapi na mahali gani watakapoifanya kazi hiyo. Waliopanga saa na mahali, asilimia 71 walitimiza. Wasiopanga, asilimia 32 tu. Hapo tofauti ilitokana na sentensi moja iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sisi Waislamu jambo hili tungelijua kuliko wengine wote. Sala zetu zina nyakati maalumu, na hakuna anayesema "leo nitasali sana" akaishia hapo. Basi lengo lako lifunge kwenye sala. Badala ya "nitasoma takwimu", andika hivi: "Baada ya Alfajiri, nikiwa bado msikitini, kabla sijafungua simu, nitafanya maswali mawili ya takwimu."

Kisha ongeza sentensi ya pili inayoanza na "ikiwa". Mtu wa Muhuta anajua kwamba barabara inaweza kukatika, kama ilivyokatika Gitaza mwezi Machi 2015 mlima ulipoporomoka. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hujiuliza mapema: ikikatika, nitapita wapi? Nawe jiulize: ikiwa umeme umekatika, nitasoma kwa mwanga gani? Ikiwa wageni wamekuja, ile saa yangu nitaihamishia wapi?

3. Kiasi kiwe kidogo, kisikatike

Bibi Aisha (r.a.) amepokea hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Qur'ani yenyewe iliteremka kwa takriban miaka 23.

Tufanye hesabu. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Anayehifadhi nusu ukurasa kwa siku atahitaji siku 1,208, yaani miaka mitatu na miezi minne hivi, karibu sawa na muda wa shahada ya miaka mitatu. Anayejipangia kurasa tano kwa siku huku ana vipindi asubuhi na jioni, mara nyingi ataacha kabla mwezi haujaisha. Mkulima wa Rumonge akipanda mchikichi anajua atasubiri miaka mitatu au minne ndipo aanze kuvuna. Hapandi miche mia kwa siku moja ili avune mwaka huo. Anapanda kadiri anayoweza kupalilia.

4. Panga pia namna ya kusimama na kurudi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anakosa siku mbili, anaona lengo limevunjika, analiacha lote. Sura an-Nahl, aya ya 92, inatukataza tuwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Aya inazungumzia ahadi na viapo, lakini mfano wake unamgusa kila anayeiharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Uzi ukikatika, huungwa.

Waangalieni wavuvi wetu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haiwavuti samaki vizuri, na mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Hakuna mvuvi anayesema uvuvi umemshinda. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, na giza likirudi anaingia ziwani. Kusimama kwake kuna sababu, kuna kazi ndani yake, na kuna siku ya kurudi inayojulikana.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, ulionyesha jambo hilohilo. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kukomaa, kwa wengine 18, kwa wengine zaidi ya 200. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Katika darsa letu yupo dada mmoja ambaye mama yake anauza ndagala. Alikuwa akiandika kazi yake ya mwisho, aya moja kila siku baada ya Alfajiri. Mama akaugua, naye akakaa siku tisa akimuuguza na kusimama sokoni mahali pake. Kabla ya kusimama alikuwa ameandika juu ya daftari: "Nitarudi Jumamosi, nitaanzia ukurasa wa 14." Jumamosi alikuja na daftari. Kazi bado hajaimaliza, lakini sasa yuko ukurasa wa 31, na mama anaendelea vizuri, alhamdulillah.

Ninapendekeza tutumie Ayyamul-bidh, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu, siku ambazo ni Sunna kufunga. Ndizo siku za mwezi mpevu, siku zilezile ambazo wavuvi wanashona nyavu. Jioni moja kati ya hizo, kabla ya kufuturu, tujihesabu: nilipanga nini, nimefanya nini, nini kimekatika, nitarudi lini. Sura al-Hashr, aya ya 18, inamtaka kila mtu aangalie alichoitangulizia kesho yake.

Kazi ya darsa

Andika lengo moja tu, si matano. Chini yake andika saa, mahali na kiasi. Andika "ikiwa" mbili. Mwonyeshe rafiki mmoja atakayekuuliza bila kukuonea haya.

Maswali ya kujadili

Je, kuna lengo ulilolisema hadharani ambalo hukuwahi kulipa saa? Ni kiasi gani unachoweza kukifanya hata siku ngumu? Na ukisimama, nani atajua siku yako ya kurudi?

Allah atujaalie istiqama, awape wazee wetu waliotusomesha malipo mema, na asiifanye jasho yao ipotee mikononi mwetu. Amin.