Jometri ya Kurudisha Gari Nyuma

Mtahiniwa wa udereva mjini Lindi aweza kuendesha barabarani bila kosa, kisha akaangusha nguzo anaporudi kinyumenyume kuegesha gari. Sababu yake ni ya kijometri. Magurudumu yanayokatwa kwa usukani ni ya mbele. Ya nyuma hayapindi. Gari likirudi nyuma, sehemu iongozayo hufuata mwisho, kama usukani wa jahazi la Kilwa Kivinje ulio tezini. Nahodha hujua kwamba jahazi likikata, tezi hutupwa nje. Vivyo hivyo pua ya gari.

Tuchukue gari ambalo umbali baina ya ekseli zake ni mita 2.5, na magurudumu ya mbele yamekatwa nyuzi 30. Tukigawanya 2.5 kwa tanjenti ya pembe hiyo, ekseli ya nyuma hufuata duara yenye nusukipenyo cha mita 4.33, tukigawanya kwa saini, ya mbele hufuata duara ya mita 5. Tofauti hiyo ya sentimita 67 ndiyo iangushayo nguzo. Sokoni, mahali pa nguzo huenda amesimama mtoto. Basi mtahiniwa na arudi polepole, akitazama nyuma na pia kona ya mbele iliyo upande wa nje.

Zoezi: Endesha baiskeli kwa kukata kona juu ya mchanga wa pwani uliolowa. Alama ya gurudumu lipi iko nje?