WAZEE WA KANISA: ASILI YAO NA WAJIBU WETU

Wako Wakristu wanaodhani kwamba uongozi wa Kanisa ulianzia Roma. La, mizizi yake imo katika taifa la Israeli. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, chatueleza jinsi Musa alivyolemewa na mzigo wa watu, hata Mungu akamwagiza akusanye wazee 70 wamsaidie kuuchukua. Wayahudi wakazoea mashauri ya wazee, na wazee hao waliheshimiwa katika miji na masinagogi yao.

Mitume, nao Wayahudi, hawakuutupa utaratibu huo. Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila Kanisa walilolianzisha, wakisali na kufunga. Neno la Kiyunani lenye maana ya mzee, presbiteros, ndilo jina la kwanza la mapadre. Hata kuwekea mikono ni desturi ya kale: ndivyo Musa alivyomweka Yoshua. Kadiri ya mwaka 110, Mtakatifu Inyasi wa Antiokia aliandika juu ya askofu mmoja akizungukwa na mapadre na mashemasi wake. Umbo lilitoka kwa Wayahudi; mamlaka yalitoka kwa Kristu.

Mkoani Mara twaona jambo lilo hilo: kundi likikua, mzigo hugawanywa. Musoma ilifanywa jimbo mwaka 1957, chini ya Askofu John Rudin wa shirika la Maryknoll. Mwaka 2010 sehemu yake, pamoja na sehemu ya Jimbo Kuu la Mwanza, ikawa Jimbo la Bunda.

Lakini askofu na padre hawawezi kuwa katika kila kijiji kila siku. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo si mapadre. Hata hivyo sehemu ya mzigo ule imewafikia. Twasikitika tuonapo baba mwenye busara akiukwepa, au watu wakimchagua mwenye ng'ombe wengi na kumwacha mtu wa sala.

Tutazame Butiama. Julius Nyerere, mwana wa mtemi, aliyebatizwa mwaka 1943, aliuacha urais kwa hiari mwaka 1985 akarudi kijijini kwake, ambako alizikwa mwaka 1999. Alijua kwamba uongozi ni dhamana, si mali ya mtu.

Basi, enyi wazazi, uchaguzi wa jumuiya ujapo, salini kwanza kama walivyosali Mitume. Nawe ukiitwa, usikatae.