PIMA KWANZA: SOMO KUHUSU KASI YA INTANETI YA FAIBA NYUMBANI



Nyaya nyembamba za faiba sasa zimepita juu ya nguzo katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu na Eldoret. Ndani ya nyumba hizo mna mtoto anayesomea kwa kompyuta, mama anayeuza bidhaa kwa simu, na kijana anayeifanyia kazi kampuni ya ng'ambo bila kutoka chumbani kwake. Kwa hivyo intaneti ikizorota, si sinema peke yake inayosimama. Mtihani unakatika katikati, na mshahara wa siku unapotea.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwenye nyumba anapiga simu kwa kampuni, anaambiwa laini yake iko sawa. Anakasirika. Mwishowe anaamua kuchukua kifurushi cha bei ya juu, na mwezi unaofuata chumba cha nyuma bado hakishiki kitu. Pesa imetoka, shida imebaki.

Katika somo hili tunataka ushike jambo moja: usilipe zaidi, wala usigombane na mtu, kabla hujajua shida iko upande gani. Kazi ya kujua si ya fundi peke yake. Ukiwa na simu, daftari na kalamu, unaweza kuifanya mwenyewe kwa siku tatu.

1. INTANETI INAPITIA WAPI?

Hebu tuifuate njia yote. Ina vipande vinne.

(a) Ndani ya nyumba. Kuna kisanduku chenye taa ambacho uzi wa faiba unaingia. Katika nyumba nyingi kisanduku hicho ndicho ruta pia. Kutoka hapo intaneti inafika kwenye simu yako kwa waifai, yaani kwa mawimbi ya hewani, au inafika kwenye kompyuta kwa waya.

(b) Uzi wa faiba wenyewe. Huu ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na kinachopita ndani yake ni mwanga.

(c) Mitambo ya kampuni. Uzi wako si wako peke yako hadi mwisho. Katika mfumo unaotumika sana, uitwao GPON, uzi mmoja wa kampuni hugawanywa kwa nyumba kadhaa, mara nyingi 32 au 64. Nyumba hizo zote zinagawana karibu megabiti 2,500 kwa sekunde za kupakua, na karibu 1,250 za kupakia.

(d) Njia ya mbali. Ukifungua kitu kilicho ng'ambo, mara nyingi safari inapitia Mombasa kwenye nyaya za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine wakaona intanetu yao inatambaa. Siku ile hata ungebadilisha ruta mara kumi, usingesaidika.

Vipande vinne, basi. Shida ikiwa katika cha kwanza, dawa iko mkononi mwako. Ikiwa katika vile vitatu vingine, dawa iko kwa kampuni, na wewe unahitaji ushahidi.

2. HESABU YENYEWE

Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, huandikwa Mbps. Lakini kompyuta yako ikipakua faili huonyesha megabaiti, huandikwa MB. Hivi si kitu kimoja. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo laini ya megabiti 20 ikifanya kazi vizuri kabisa itapakua megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Watu wengi wakiona 2.5 husema ati wameibiwa. Hawajaibiwa, ni kipimo tofauti.

Ukipima utaona namba tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakua, yaani vitu vinavyokuja kwako. Ya pili ni kasi ya kupakia, yaani vitu unavyotuma, kama vile picha yako katika mkutano wa video. Ya tatu huitwa pingi, nayo ni muda wa kwenda na kurudi, ukihesabiwa kwa milisekunde. Pingi ndogo ni bora. Kupakua kukiwa kwa kasi lakini pingi ni kubwa na inarukaruka, mazungumzo ya video yatakatikakatika hata kama sinema inaonekana vizuri.

Pingi ya mbali haiwezi kuwa ndogo sana. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 inachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla hata mitambo ya njiani haijaongeza zake. Hakuna kifurushi kinachoweza kupunguza hiyo.

3. NAMNA YA KUPIMA

Tumia programu ya kupimia kama Speedtest, au fungua fast.com. Zote ni za bure. Kumbuka tu kwamba kupima kunakula data, kwa hivyo hakikisha simu iko kwenye waifai ya nyumbani, si kwenye bando lako.

Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Zima vingine vyote. Televisheni, simu za watoto, kompyuta inayojisasisha, zote ziondoke kwenye mtandao. Kama unatumia VPN, izime.

Hatua ya 2. Pima kwa waya. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, kisha pima mara tatu na uandike namba ya katikati. Kama huna kompyuta, simama na simu hatua mbili kutoka kwa ruta, pasipo ukuta kati yenu. Si sawa kabisa na waya, lakini itakupa picha.

Hatua ya 3. Pima kwa waifai mahali unapoketi kila siku, na katika chumba kinachosumbua.

Hatua ya 4. Rudia saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, kwa siku tatu.

Hatua ya 5. Katika Speedtest unaweza kuchagua kituo cha kupimia. Pima na kituo cha Nairobi au Mombasa kwanza, halafu na kimoja cha Ulaya. Cha hapa nyumbani kikiwa sawa na cha mbali kikiwa kibovu, shida iko kwenye njia ya mbali.

Kila ukipima andika tarehe, saa, mahali na namba zote tatu. Usitegemee kichwa. Hasira husahau siku ambazo intaneti ilikuwa nzuri.

4. KULISOMA DAFTARI

Tuchukue mfano wa nyumba tatu. Zote zinalipia megabiti 20, na zote zinalia kwamba intaneti ni mbaya. Hizi hapa namba zao za kupakua.

Nyumba ya kwanza:
Asubuhi: waya 19, chumba cha nyuma 4
Mchana: waya 19, chumba cha nyuma 4
Usiku: waya 18, chumba cha nyuma 3

Nyumba ya pili:
Asubuhi: waya 19, chumba cha nyuma 17
Mchana: waya 18, chumba cha nyuma 16
Usiku: waya 6, chumba cha nyuma 6

Nyumba ya tatu:
Asubuhi: waya 5, chumba cha nyuma 5
Mchana: waya 4, chumba cha nyuma 4
Usiku: waya 5, chumba cha nyuma 4

Nyumba ya kwanza inapata inacholipia. Kampuni imefikisha megabiti 19 hadi mlangoni, na kuta zimezimeza. Nyumba hii ikinunua kifurushi cha 40, chumba cha nyuma bado kitakuwa na 4 hivi. Dawa ni waifai.

Nyumba ya pili iko sawa mchana kutwa, lakini usiku, watu wote wa mtaa wakiwa nyumbani, inabanwa. Huo ni msongamano upande wa kampuni. Kabla ya kulaumu, hakikisha kweli kwamba watoto walikuwa wamezima vyao wakati wa kupima.

Nyumba ya tatu ni mbovu saa zote, hata kwa waya. Huenda uzi umekunjwa au kiungo kina vumbi, huenda kifurushi kiliandikwa vibaya kwenye mitambo, au waya wa kompyuta wenyewe umeharibika. Badilisha waya kwanza, upime tena, kisha uite kampuni. Uliza pia kama kuna kikomo cha matumizi ya mwezi. Kampuni zingine hupunguza kasi ukishapita kiasi fulani, na jambo hilo limeandikwa katika mkataba.

Umeona? Malalamiko yalikuwa yale yale, kumbe magonjwa ni matatu.

5. UNAYOWEZA KUTENGENEZA MWENYEWE

Mahali pa ruta. Wengi huiacha sakafuni nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati. Ipandishe juu, katikati ya nyumba. Ukuta wa mawe hupunguza waifai, na mabati, friji na tangi la maji huizuia zaidi.

Mawimbi mawili. Ruta nyingi za sasa hutoa waifai ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ile ya 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole, na katika ploti yenye nyumba nyingi ruta za majirani hugongana. Ile ya 5 ni ya kasi lakini haipendi kuta. Wengine huiona jina lake likiishia na 5G. Hiyo si ile 5G ya minara ya simu. Karibu na ruta tumia ya 5, mbali tumia ya 2.4.

Waya. Kwa kompyuta au televisheni isiyohama, waya ni bora kuliko waifai yoyote. Lakini ukilipia 200 na waya unakupa 94 kila mara, angalia waya au mlango wa kompyuta. Vile vya zamani mwisho wao ni 100.

Neno la siri. Kama ulilitoa kwa wageni miaka miwili iliyopita, libadilishe, kisha uhesabu ni simu ngapi zinarudi.

Taa. Taa iliyoandikwa PON ikiwa imetulia, kisanduku kinazungumza na kampuni. Ile ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Zima kisanduku, ngoja dakika mbili, washa. Nyekundu ikirudi, piga simu kwa kampuni. Usifungue kitu.

Uzi. Usiukunje kwa pembe kali, usiupigilie msumari, wala usianike nguo juu yake. Na tunasisitiza: usichungulie kamwe mwisho wa uzi uliochomolewa. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

6. UKIENDA KWA KAMPUNI

Usiseme tu, "Intaneti ni mbaya." Sema, "Ninalipia megabiti 20. Kwa waya, siku tatu mfululizo, saa 2 usiku nilipata 6, na asubuhi 19. Hizi hapa picha za vipimo." Mtu wa simu atakosa njia ya kukuambia uwashe ruta upya halafu akuache. Fundi akija, mwombe apime nguvu ya mwanga kwa kifaa chake na akuandikie namba. Namba hiyo huwa ya kutoa. Ikikaribia -27 au kuteremka zaidi, mwanga ni hafifu na uzi unahitaji kukaguliwa.

Omba namba ya malalamiko na uiandike kwenye daftari. Soma mkataba pia. Ukiandikwa "hadi 20", hilo neno "hadi" lina maana yake, lakini halimaanishi 5 mwezi mzima. Kampuni ikikosa kushughulikia jambo lako, unaweza kulipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Watataka kujua kwanza kama uliongea na kampuni, na ndiyo sababu namba ya malalamiko haipaswi kupotea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Jirani anapata 48 kwa waya na 7 jikoni. Analipia 50. Mtamshauri nini kabla hajanunua kifurushi cha 100?

2. Faili ya megabaiti 300 itachukua muda gani kwenye laini ya megabiti 20? (Anza kwa kuzidisha 300 mara 8.)

3. Katika ploti yenu, ni nyumba ngapi hulalamika saa 2 usiku? Zikipima zote usiku mmoja na kupeleka barua moja, itakuwa na uzito gani kuliko simu ya mtu mmoja?

Kazi ya nyumbani: kila mwanachama apime kwa siku tatu na aje na daftari lake. Mtashangaa ni wangapi wamekuwa wakilipia dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.