Mafunzo Niliyopata Nilipouza Corolla ya Mzee

Marehemu baba alinunua Toyota Corolla DX mwaka 1982 kwa mkopo wa kazini, akaileta nyumbani kwetu Moshi, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyegusa usukani wake. Hata mama. Alipofariki 2017 tulilifunika gari turubai tukaliacha pale pale bandani. Miaka sita baadaye kikao cha familia kikaamua liuzwe, na kazi nikabebeshwa mimi, eti kwa kuwa ndiye ninayeshinda kwenye simu. Mita ilikuwa inasoma kilomita 61,480. Nikajua ni kazi ya wiki moja. Ilinila miezi saba.

1. Gari lililolala haliamshwi kwa ufunguo

Naanza na ujinga wangu mwenyewe. Nilinunua betri mpya, nikamimina lita tano za petroli juu ya ile iliyokuwemo tangu enzi za mzee, nikapiga stata. Mara ya tatu likawaka! Nikampigia dada simu ili asikie muungurumo. Baada ya dakika kumi likakohoa, likazima, likagoma kabisa.

Fundi niliyemwita ni mzee aliyeanza kazi wakati magari haya bado mapya. Alifungua kabureta akanionyesha: ndani mlikuwa na kitu cha kahawia kinachonata kama utomvu wa mfenesi, kimechanganyika na unga wa kutu. Petroli ikikaa miaka inageuka gundi, na tangi lisilojaa linaota kutu kwa ndani, sehemu ile ambayo jicho halifiki. "Kijana, ungeuliza kwanza," aliniambia, bila ukali. Kumbe kwanza unamwaga mafuta yote ya zamani, unafungua plagi, unatia oili kidogo katika kila silinda, kisha unaizungusha injini kwa spana, taratibu, kabla ya kufikiria stata.

Breki za nyuma zilikuwa zimeganda, maana mafuta ya breki hufyonza unyevu hata gari likiwa limesimama. Matairi nayo yalinidanganya kwa meno yake, yalikuwa mazima kama yametoka dukani jana. Fundi akaniinamisha nisome namba ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yaliishia na 09. (Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Likimbie.) Mpira hauna habari na kilomita zako, wenyewe unazeeka kwa kalenda. Nilibadilisha matairi yote, mipira yote ya breki na paipu za maji, na pesa niliyodhani ni ya faida ikaanza kuondoka kabla mteja wa kwanza hajaja.

2. Mita haishuhudii peke yake

Mteja wa kwanza alitazama mita, akacheka. Ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwa hiyo 61,480 inaweza kuwa 161,480, au zaidi. Wa pili hakucheka ila alisema yale yale. Dalali mmoja akanivuta pembeni: kwa nini tusiirudishe hadi elfu thelathini, watu wanapenda hivyo? Nilimkatalia, ingawa sitajifanya malaika, niliwaza kidogo.

Kilichotuokoa ni kaunta buku. Mama alilitoa kabatini, chini ya nguo za sikukuu. Baba alikuwa mhasibu, na kila alipotia mafuta aliandika tarehe, lita na namba ya mita. Kila alipobadilisha oili, hivyo hivyo. Kurasa za miaka ya 80 zilinishangaza: kuna miezi mizima isiyo na mstari hata mmoja. Mama akanikumbusha. Petroli ilikuwa shida, na Jumapili magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani kuanzia saa nane mchana. Baba alikuwa akiipeleka familia kanisani asubuhi, na mchungaji akirefusha mahubiri anaanza kutazama saa, asije akakutwa njiani. Kazini alikwenda kwa miguu. Dar es Salaam gari lilifika mara mbili tu, zote kwa harusi.

Mistari ile yote ukiigawanya kwa miaka aliyoendesha, haifiki kilomita elfu mbili kwa mwaka. Tangu siku hiyo sikumfungulia mteja boneti kabla sijamfungulia buku.

3. Acha rangi ilivyo

Karibu kila mtu alinishauri nipige rangi. Ilikuwa imefifia juu ya paa, na mlango wa kulia una mkwaruzo wa baiskeli yangu ya utotoni. Nilishapatana na fundi wa rangi, akaugua malaria, nikaahirisha. Sijawahi kuishukuru malaria ya mtu kabla ya hapo.

Mteja aliyenunua alikuja kutoka Arusha na sumaku ndogo aliyoifunga kwenye leso. Akaipitisha kwenye vizingiti vya milango, kwenye matao ya magurudumu, pembeni mwa buti. Sumaku hushika bati. Ikifika mahali palipozibwa kwa pasta inalegea. Iling'ang'ania kila mahali. Akalinganisha alama kwenye vioo vyote, akatazama mpira wa pedali ya klachi, akainua zulia kupapasa kama kuna unyevu. Kisha akasoma kibati kilichomo chini ya boneti, chenye namba ya rangi ya kiwandani. "Ungelipaka," alisema, "nisingejua unaficha nini." Hali ya hewa ya Moshi nayo ilitusaidia, gari la rika hili lililokulia Tanga au Mombasa, chumvi ingekuwa imeshakula vizingiti.

4. Jua unachouza

Mwanzoni nilikuwa nasema tu "ni gari la zamani, zima kabisa". Fundi ndiye aliyenifundisha. Namba yake ya kiwanda ni KE70. Injini ni 4K ya cc 1,290, yenye kabureta na choki ya kuvuta kwa mkono, na ndani inazunguka kwa cheni, haina mkanda wa kukatika. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Corolla za saluni zilizofuata mwaka 1983 zilihamia mbele. Spea hazijafa, kwa kuwa Toyota iliendelea kutumia injini za jamii ya K kwenye vibasi vya LiteAce na hata kwenye foklifti, na vifaa vingi vinaingiliana.

Nilipoanza kueleza hivyo, aina ya wateja ilibadilika. Walikuja pia vijana waliotaka kulishusha, kulitia injini nyingine na kuchoma nalo matairi. Pesa wanayo. Sikuwauzia, na dada zangu bado wananilaumu.

5. Anza na karatasi

Kadi ya gari ina jina la marehemu, na marehemu hasaini. Muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, msimamizi wa mirathi, ndipo uhamisho wa umiliki TRA. Katika ile miezi saba, minne ni hii. Ningeianza siku ya kwanza.

6. Bei haina pa kulinganishia

Kuagiza jingine kama hili huwezi kirahisi: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na kwetu kuna ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo hakuna bei ya soko, kuna mtu anayelitaka na mtu asiyelitaka. Tuliuza kwa chini ya ndoto yangu na juu ya kicheko cha yule mteja wa kwanza. Kiasi sitaji, mama hapendi.

7. Mama asiwepo likiondoka

Alikuwepo.

Buku tuliliambatanisha na gari. Mwezi uliopita mnunuzi alinitumia picha ya ukurasa mpya, chini ya mwandiko wa baba: lita 20, kilomita 64,210.