Kauli "Imeunganishwa" na Ukweli Wake: Namna Programu Inavyoweza Kujua Hali ya Hifadhidata

Mwanaleksikografia anayeingiza vidahizo katika hifadhidata iliyo kwenye seva ya mbali hutegemea alama ya kijani pembeni mwa kiwambo, yenye neno "Imeunganishwa". Mtandao unapokatika mahali fulani kati yake na seva, alama hiyo aghalabu haibadiliki. Naye huendelea kuandika. Makala haya yanachunguza chanzo cha udanganyifu huo na namna ya kuuepuka.

Chanzo chenyewe kina sura ya kisarufi. Mofimu -me- katika "imeunganishwa" hudokeza tendo lililotimia ambalo matokeo yake yangalipo. Programu, hata hivyo, inajua nusu ya kwanza tu. Kauli ya haki ingekuwa "iliunganishwa". Itifaki ya TCP haipeleki chochote pande mbili zinaponyamaza, hivyo kimya cha amani na kimya cha mauti havitofautiani. Ipo njia ya itifaki hiyo kujaribu muunganisho uliokaa kimya, lakini sharti iwashwe. Tena katika Linux, kwa kaida, jaribio la kwanza hungoja sekunde 7200, yaani saa mbili nzima.

Katika lugha ya Java, maelezo rasmi ya isClosed yanatahadharisha kwamba kwa jumla haiwezi kutumiwa kupima uzima wa muunganisho. Toleo la 6 la mwaka 2006 lilileta isValid, ambayo hupewa idadi ya sekunde za kungoja. Kwingineko hutumwa ombi dogo, k.v. SELECT 1. Kikomo cha muda ni muhimu kuliko ombi lenyewe, kwani bila kikomo muulizaji naye hukwama.

Hata jibu likija, ni la wakati ule tu. Kwa hiyo kosa halina budi kushughulikiwa pale pale pa kuhifadhi, na hapa ndipo penye utata mkubwa. Amri ya COMMIT ikitumwa, kisha muunganisho ukakatika kabla ya jibu, programu haijui kama kidahizo kiliingia. Kukituma upya ovyo huenda kukazaa vidahizo pacha. Afadhali kila kidahizo kipewe kitambulisho cha pekee kabla ya kutumwa, nayo hifadhidata ikatae kitambulisho kinachojirudia. Hapo programu yaweza kurudia bila hofu. Maandishi nayo yabaki katika kompyuta ya mwandishi mpaka uthibitisho ufike. Na badala ya alama ya kijani, kiwambo kiseme "Seva ilijibu saa 4:12", mwandishi ajipimie mwenyewe umbali wa saa hiyo.