Usukani wa Baiskeli: Kutoka Ulionyooka hadi Uliopinda

Tangu John Kemp Starley alipotengeneza baiskeli yake ya mnyororo nchini Uingereza mwaka 1885, umbo la chombo hiki halijabadilika sana. Sehemu moja ambayo imebadilishwa mara nyingi ni usukani. Baadhi ya baiskeli za barabarani zina usukani ulionyooka kama fimbo. Nyingine zina usukani uliopinda mbele na chini kama pembe za kondoo dume. Usukani wa aina ya pili ndio uliozoeleka katika mbio za barabarani, kama zile za ubingwa wa dunia zilizofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi wenye baiskeli ya usukani ulionyooka hutamani kuubadilisha. Kazi hiyo huonekana nyepesi: kufungua mmoja na kufunga mwingine. Lakini usukani umeungana na breki, gea na mwili wa mwendeshaji. Anayebadilisha kimoja bila ya kupima vingine aweza kujikuta mteremkoni na breki isiyoshika. Fizikia ya shule ya sekondari yatosha kumwepusha na hatari hiyo.

Faida ya kuinama

Baiskeli inayokwenda hukinzwa na vitu viwili hasa: msuguano wa matairi na barabara, na hewa. Msuguano wa matairi haubadiliki sana mwendo unapoongezeka. Ama ukinzani wa hewa, huo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kanuni yake ni hii:

Kani = ½ × d × E × v²

Hapa d ni densiti ya hewa, ambayo karibu na usawa wa bahari ni kama kilo 1.2 kwa kila mita moja ya ujazo. V ni mwendo. Na E ni eneo la ukinzani, yaani ukubwa wa mwili unaokabili upepo pamoja na athari ya umbo lake. Usukani uliopinda humwezesha mwendeshaji kuinama na hivyo kupunguza E.

Ichukuliwe kwamba mwendeshaji aliyekaa wima ana E ya mita 0.5 za mraba, na akiinama hupata 0.4. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, kani ya hewa ni nyutoni 19.2 akiwa wima na nyutoni 15.4 akiwa ameinama. Nguvu, yaani kazi inayotendwa katika kila sekunde moja, hupatikana kwa kuzidisha kani na mwendo. Kwa hiyo hewa humdai wati 154 katika hali ya kwanza na wati 123 katika hali ya pili. Ameokoa wati 31.

Mwendo ukiwa nusu ya huo, yaani mita 4 kwa sekunde, wati hizo ni 19.2 na 15.4. Sasa ameokoa wati 4 tu. Yafaa ikumbukwe basi kwamba anayekwenda polepole sokoni au shuleni hatapata faida kubwa. Faida ni ya mwenye kwenda kasi na safari ndefu. Hata hivyo, usukani uliopinda una manufaa mengine: huwa na mahali kadhaa pa kushika, na mikono huchoka kidogo inapobadilishiwa mahali.

Breki: wenzo unaovuta wenzo

Mkono wa breki ni wenzo. Kidole hutoa jitihada, pini ya mkono huo ndiyo egemeo, na waya ndio mzigo. Ichukuliwe kwamba kidole hubana kwa nyutoni 50 kikiwa milimita 80 kutoka kwenye egemeo. Waya ukiwa umefungwa milimita 20 kutoka kwenye egemeo, huvutwa kwa kani ya nyutoni 200. Ukifungwa milimita 40, huvutwa kwa nyutoni 100 tu.

Lakini mashine haitoi kazi kuliko iliyopewa. Kidole kikisogea milimita 40, waya wa kwanza husogea milimita 10, na wa pili milimita 20. Katika hali zote mbili kazi ni jouli 2, msuguano ukiachwa. Kilichoongezeka katika kani kimepungua katika umbali.

Hapa ndipo penye hatari. Breki za rimu zinazopatikana kwenye baiskeli za usukani ulionyooka ni za aina mbili hasa. Ya kwanza ni breki ya koleo, iliyofungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu. Hiyo huhitaji waya uvutwe umbali mfupi kwa kani kubwa. Ya pili ni breki ya mikono miwili mirefu inayosimama pande mbili za gurudumu. Hiyo huhitaji waya uvutwe karibu umbali maradufu, kwa kani ndogo zaidi, kwa kuwa mikono yake yenyewe huizidisha kani hiyo.

Mikono ya breki ya kawaida iliyotengenezwa kwa usukani uliopinda huvuta waya umbali mfupi. Ikiunganishwa na breki ya koleo, hupatana. Ikiunganishwa na breki ya mikono mirefu, raba za breki husogea nusu tu ya umbali unaotakiwa. Fundi hujaribu kuponya kasoro hiyo kwa kuzikaribisha raba kwenye rimu. Siku ya kwanza breki hushika. Raba zinapolika, mkono wa breki hugusa usukani kabla ya gurudumu kuzuiwa. Kosa hili halionekani kwenye uwanja tambarare, hujitokeza mteremkoni.

Dawa yake ni kutafuta mikono ya breki ya usukani uliopinda iliyotengenezwa kwa ajili ya breki za mikono mirefu, au kuweka breki za aina hiyo zenye mikono mifupi zaidi. Breki za sahani zinazovutwa kwa waya nazo zina aina hizi mbili. Breki zinazoendeshwa kwa mafuta haziwezi kuvutwa moja kwa moja na mkono wa waya; lazima zipatiwe mikono yake zenyewe.

Vipimo visivyoonekana kwa macho

Bomba la usukani ulionyooka, pale panaposhikwa, lina kipenyo cha milimita 22.2. La usukani uliopinda lina milimita 23.8. Tofauti ni milimita 1.6 tu, lakini yatosha kuzuia mikono ya breki na ya gea ya usukani wa zamani isiingie kwenye mpya. Hali kadhalika, shingo inayobana usukani katikati huwa na kipenyo cha milimita 25.4, 26.0 au 31.8. Sehemu ya 26.0 haipaswi kulazimishwa katika shingo ya 25.4, wala usukani wa 25.4 kubanwa katika shingo ya 26.0: utazunguka mwendeshaji anapouegemea.

Jambo la pili ni umbali wa kufikia. Usukani uliopinda huipeleka mikono mbele kwa milimita 70 hadi 90, au zaidi akishika juu ya mikono ya breki. Shingo ya milimita 100 ikibadilishwa kwa ya milimita 60, umbali hupunguzwa kwa milimita 40 tu. Unaobaki huubeba mgongo. Kusogeza kiti mbele si suluhisho, kwa maana huharibu uhusiano wa goti na pedali. Ni bora kuchagua usukani wenye mpindo mfupi.

Jambo la tatu ni upana. Ili kupata momenti ya nyutoni-mita 8.4 ya kugeuza gurudumu, kila mkono hutoa nyutoni 14.5 kwenye usukani wa milimita 580, lakini nyutoni 20 kwenye usukani wa milimita 420. Mwendeshaji ajizoeze kwanza mahali pasipo na magari.

Utaratibu wa kazi

1. Pima kipenyo cha shingo, na utambue aina ya breki, kabla ya kununua chochote.
2. Hakikisha mikono ya gea inavuta waya kwa kiasi kinachotakiwa na kihamisha mnyororo. Mkono wa gea usio na vituo, unaofungwa kwenye bomba la fremu, huondoa tatizo hili kwa gharama ndogo.
3. Tumia waya mpya za breki. Kichwa cha waya wa usukani ulionyooka ni kama pipa dogo. Cha usukani uliopinda ni kama pea. Havibadilishani.
4. Geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Waya usikazike upande wowote.
5. Bana breki kwa nguvu zote baiskeli ikiwa imesimama. Mkono ukigusa usukani, baiskeli isipandwe.
6. Funga utepe mwisho, baada ya majaribio yote.

Mazoezi

1. Mwaka 1972, Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja katika jiji la Mexico, lililo kama mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Tafuta wastani wa mwendo wake kwa mita kwa sekunde. Eleza kwa nini mwinuko huo ulimfaa.
2. Kwa kutumia E ya 0.5 na 0.4, tafuta wati zinazookolewa kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde.
3. Weka alama kwenye waya wa breki ya baiskeli yoyote, bana mkono wake, kisha pima umbali waliosogea waya na kidole. Uwiano huo waonyesha nini?

Majibu: (1) Mita 13.73 kwa sekunde. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo d ni ndogo. (2) Karibu wati 13. (3) Kidole kikisogea mara nyingi zaidi kuliko waya, kani huzidishwa kwa takriban kiasi hichohicho.