Kutu ya Gari Kuukuu: Somo la Kupima na Kuamua

Mjini Tukuyu mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka. Mwalimu wa Sayansi hana haja ya kutafuta kutu mbali. Baada ya jaribio la misumari miwili, mmoja katika chupa kavu iliyozibwa na mwingine katika maji kidogo, tunashauri darasa lipelekwe kwa fundi penye Land Rover kuukuu, liulizwe: itengenezwe au iachwe?

Wengi wataitazama bodi. Mwalimu asiwahi kuwasahihisha. Bodi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya alumini, isiyoshika kutu. Chasisi ndiyo ya chuma, nayo huliwa hata kutokea ndani, tope linamojikusanya. Fundi aigonge kwa nyundo ndogo, wanafunzi wakisikiliza (gari lisiinuliwe kwa jeki): chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti nzito au hutoboka. Tundu dogo lililozungukwa na chuma kizima huchomelewa kiraka. Lakini penye vishikizo vya springi, ukingo nao ukiwa kutu, kiraka hakina pa kushika. Gari hilo lisibebe watu kwenye miteremko ya kwenda Kyela. Rangi mpya hatuihesabu kuwa matengenezo.

Kila kikundi kiandike uamuzi wake pamoja na dalili kilizoziona, ndipo fundi aulizwe.